Niliacha utabibu Moshi nikaanza upya Arusha: hesabu yangu yote

Januari 2023 nilijua kwamba sitakuwa tabibu. Juni ndipo nilipomwambia mama. Miezi ile ya katikati ndiyo iliyotuumiza kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nimezaliwa Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, fizikia, kemia na baiolojia zikiwa zimekaa vizuri, nyumbani hakukuwa na mjadala. Kwetu karibu kila boma lina ndugu aliyewahi kulazwa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, au kufanya kazi pale, na koti jeupe ni heshima ya ukoo mzima. Mama akauza ng'ombe dume, shangazi aliye Dar akaahidi awamu moja ya ada, baba mdogo akachukua hosteli. Oktoba 2022 nikaingia chuo binafsi cha afya Moshi mjini, stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, unaanzia ngazi ya nne ya tuzo za ufundi (NTA) unamalizia ya sita.

Kila shilingi niliiandika kwenye daftari, tabia niliyoirithi kwa mama ambaye huandika hata kilo za kahawa anazopeleka chama cha msingi. Muhula wa kwanza ulikula hivi: ada 700,000, hosteli 150,000, mtihani 150,000, bima ya afya ya NHIF 50,400, sare na makoti 110,000, kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo pamoja na mashine ya presha 95,000, chakula na matumizi kama 300,000. Jumla 1,555,400.

Sikuwa nafeli. Nilipata sapu moja ya anatomia, yaani mtihani wa marudio, na nikaisafisha. Ila kila tulipopelekwa wodini nilirudi hosteli nikiwa sina usingizi, hasa ikiwa tumeona mtoto. Wenzangu walikuwa wanaumia kisha wanauliza maswali. Mimi niliumia nikanyamaza. Usiku nilikuwa nafungua daftari langu la zamani la fizikia, nachora mfongo wetu. Sisi tunaotoka mlimani tunaijua mifongo, ile mifereji ya wazee inayoteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa natumwa kuzibua wa kwetu, na jambo lililonisumbua miaka yote ni kwa nini maji yanafika kwa jirani wa chini yakiwa robo ya yale yaliyotoka juu. Hilo swali sikuwahi kuwa nalo kuhusu mwili wa binadamu.

Kwa hiyo Januari nilikuwa na jibu. Lakini Machi muhula wa pili ulipofunguliwa nilirudi darasani. Akilini nilimwona yule dume aliyeuzwa. Nikajiambia kwamba nikiacha, milioni moja na nusu imekwenda bure, bora nivumilie. Shangazi akatuma 350,000 ya awamu ya tatu. Hosteli tena 150,000. Chakula tena 300,000. Awamu ya nne, 350,000, ikabaki deni. Yaani woga wa kupoteza 1,555,400 ulinifanya nipoteze 1,150,000 nyingine, kwa kozi ambayo nilishaiacha moyoni. Mpaka leo nikifika kwenye ukurasa ule wa daftari naufunua haraka.

Nilipanda juu Jumamosi moja ya Juni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekuja na begi lote?"

Nilimwambia palepale uani, kabla sijaketi. Hakupaza sauti. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akauliza, "Tangu lini?" Niliposema Januari, kisu kikasimama. Kilichomuumiza kilikuwa ile Machi. Angeweza kuacha kumsumbua shangazi.

Mambo mazito kwetu husubiri Desemba, ndugu wote wanapopanda kula Krismasi. Hili halikuweza kusubiri, maana vyuo vinapokea maombi katikati ya mwaka. Kikao kikakaa Jumapili baada ya misa, shangazi akiwa kwenye simu iliyowekwa mezani kwa sauti kubwa. Nilisoma daftari lote, senti hadi senti. Halafu nikasoma ukurasa wa pili ambao nilikuwa nimeuandaa usiku: miaka miwili iliyobaki ya utabibu, ada, hosteli, chakula, mitihani na bima, ilikuwa 5,000,800. Nikasema, "Baba mdogo, ile iliyokwenda imekwenda, nikae nisikae haitarudi. Tunachoweza kuamua ni hii milioni tano ambayo bado ipo mifukoni mwenu."

Baba mdogo akauliza swali ambalo kila anayetaka kuhama kozi atalikuta mbele yake: "Na hiyo mpya ukiichoka?"

Sikuwa na jibu la maneno. Niliomba wiki chache. Nikashuka tambarare, Mabogini, kwenye skimu ya Lower Moshi, ile ya mpunga iliyokamilishwa 1987 kwa msaada wa Wajapani. Nikafanya kibarua cha kuondoa tope kwenye mifereji na kupandikiza mpunga, 8,000 kwa siku. Jioni nilikuwa namfuata fundi wa mageti ya maji na kumuuliza maswali hadi akachoka. Mgongo uliniuma kweli, lakini nililala. Baba mdogo alikuja siku moja bila kuniambia, akasimama juu ya tuta akaniangalia, akaondoka. Jumapili iliyofuata akamwambia mama, "Mwache aende."

Sasa deni. Cheti changu halisi cha kidato cha nne kilikuwa kimeshikiliwa chuoni, na bila cheti hicho huwezi kusajiliwa kwingine. Mhasibu alisema wazi: 350,000 kwanza. Siku 26 za kibarua zilinipa 208,000. Kipimo na mashine ya presha nikamuuzia kijana mwingine wa utabibu kwa 55,000. Zikapungua 87,000. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa anadunduliza fedha za cherehani kwa kusuka nywele, akaziweka mezani bila kuombwa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu nimeona wenzangu wawili wakiumia. Ukiacha chuo, usipotee kimyakimya. Andika barua ya kuacha masomo, iwe na tarehe, ipeleke masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwenzangu mmoja aliondoka tu na begi lake. Mwaka uliofuata alipokwenda kufuata cheti alikuta jina lake bado limo kwenye orodha na ada ya mwaka mwingine inamsubiri. Barua yangu ya karatasi moja ndiyo iliyozuia deni lisizae. Baada ya hapo kuna fomu ya kupitisha maktaba, maabara, hosteli na uhasibu, na kila saini ina siku yake, kwa hiyo weka nauli ya kurudi mara tatu au nne. Na kama unasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, ambayo tangu 2023/2024 inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, jua kwamba mkopo haufi kwa sababu umeacha kozi. Ukipata ajira utakatwa asilimia 15 ya mshahara kama mwingine yeyote.

Kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Hii ya ufundi niliomba chuoni moja kwa moja, chuo cha serikali Arusha, uhandisi wa umwagiliaji. Nilitumaini kwamba mwaka mmoja niliosoma utanisogeza. Hapana. Hata somo la mawasiliano na la kompyuta, ambayo nilikuwa nimefaulu, niliyafanya upya, kwa kuwa fani ni tofauti na mtu huanzia ngazi ya nne. Ada ni nafuu kuliko ya kule, lakini vitu vyote ni vipya: overoli 35,000, buti 45,000, kalkuleta ya sayansi 38,000, vifaa vya kuchorea 30,000, bima tena 50,400, na kodi ya chumba ya miezi mitatu 120,000. Ni 318,400 kabla hujala. Godoro nililibeba kwenye Coaster kutoka Moshi. Koti jeupe niliacha kwa mama, huvaa akienda kuchuma kahawa asubuhi za baridi.

Wenzangu niliowaacha Moshi wamemaliza 2025. Mimi niko mwaka wa tatu, namaliza 2026. Mwaka huo mmoja siwezi kuuandika kwa shilingi na sijajaribu. Mafunzo kwa vitendo yaliyopita nilifanya Mto wa Mbu, tukapima maji yanayopotea kati ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na majaruba ya mpunga ya mwisho, lile swali langu la darasa la tano. Niliporudi Kibosho nilipima mfongo wetu kwa njia ileile, baba mdogo akinishikia kamba.

Shangazi amekataa kulipwa. Mdogo wangu nimemrudishia 40,000. Zimebaki 47,000, na cherehani aliyoichagua ipo dukani Moshi, tumekwenda kuiona mara mbili.