Ndoo ya njano kwenye picha ya bibi

Jumapili iliyopita tulikaa wapiga picha wanne pale tunapokaaga siku zote, chai na chapati mezani, kila mtu anatoa picha moja wengine wanaitolea maoni. Kuna dogo mmoja ndo mara yake ya pili kuja, akatuonyesha kwenye simu picha aliyopiga kwao Tanga, bibi yake anachoma vitumbua alfajiri, dirisha liko nyuma yake, moshi umejaa, uso wa bibi uko gizani.

Wa kwanza akasema kali sana mdogo wangu. Wa pili akasema giza, hiyo futa tu. Mimi nikasema ungeikropu, yaani ukate pembeni. Basi, dakika haijaisha tumeshahamia kwenye picha ya mtu mwingine, na dogo karudisha simu mfukoni hakuongea tena mpaka tunanyanyuka.

Iliniuma. Nikamsindikiza mpaka stendi ya daladala, njiani nikamuuliza swali ambalo tulitakiwa tuanze nalo, hivi hapa ulitaka tuone nini? Akaniambia kaka, bibi macho yamepungua nguvu sana siku hizi, kitumbua kikiiva anajua kwa kusikiliza mafuta, ndo maana kichwa kakiinamisha, sikio liko upande wa chuma.

Nikaomba niione tena. Na kweli, sikio lile pale, mwanga wa dirisha umeligusa kidogo tu, yaani picha nzima iko kwenye lile sikio na sisi watu wazima watatu tumelipita! Lile giza la machoni ambalo tuliliita kosa ndo lilikuwa linaongea.

Sasa hapo ndo nikaweza kumsaidia, mana kali ya wapi? Mbaya ya wapi? Maoni ya picha lazima uweze kuweka kidole kwenye kioo ukasema hapa. Nikamwonyesha ndoo ya njano kona ya chini kushoto, hiyo ndo kitu chenye rangi kali kuliko vyote kwenye fremu kwa hiyo jicho linakimbilia huko kwanza kabla halijafika kwa bibi. Alafu mkono ulioshika kijiti cha kugeuzia umekatwa na ukingo wa fremu pale kwenye kifundo, angerudi nyuma hatua moja tu ungeingia wote.

Kuhusu giza nikamweleza linatoka wapi ili siku nyingine alichague mwenyewe. Mita ya kamera, yaani kile kipimo chake cha mwanga, inachukulia kila kilicho mbele yake kama kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, kwa hiyo ikikutana na dirisha linalowaka inapunguza mwanga wa picha yote, na mtu aliyekaa mbele ya dirisha anazama. Kwenye simu unagusa uso kwenye kioo unapandisha mwanga kidogo. Kidogo, jamani. Hili la kung'arisha nyuso zetu mpaka bibi wa watu anatoka kama kapakwa unga mimi silikubali hata siku moja, na lina historia yake, kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha zilikuwa zinapewa na Kodak kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, wenyewe wakiiita kadi ya Shirley, rangi zote zinapimwa kwa ngozi yake, na watu weusi kwenye picha wanabaki meno na macho tu. Kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja kwenye miaka ya 1990. Kwa hiyo ukimwambia mtu picha yako giza, angalia vizuri kama ni giza au ni ngozi.

Juzi dogo kanitumia nyingine, alirudi Tanga akapiga upya. Ndoo hakuna, mkono wote umo, uso unaonekana vizuri. Lakini bibi sasa anajua anapigwa picha, kakaa wima kavaa kanga mpya anaangalia kamera, na sikio limeondoka kwenye chuma. Nikamwambia hivyo hivyo nilivyoona, akakaa kimya kama dakika kumi alafu akajibu, kweli kaka, huyu hasikilizi. Tukarudi kwenye ile ya kwanza, tukaikropu ile kona ndoo ikatoka. Mkono umebaki umekatika, tumeuacha hivyo.