Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima nikiwafundisha watu kuondoa gari mlimani, Mbeya

Saa 11:40 alfajiri. Julai ya Mbeya haimbembelezi mtu. Natoka na sweta, juu yake koti, juu yake kitenge, na bado vidole vinakataa kushika funguo. Upande wa Uyole jana waliamka na sakitu kwenye majani. Huku kwetu Isanga ni umande tu, lakini kioo cha mbele hakionyeshi kitu mpaka nikifute mara tatu. Naangalia maji, oili, tairi. Kisha nafanya jambo ambalo sijaliruka hata siku moja tangu nianze kufundisha udereva miaka 12 iliyopita: navuta hendibreki, naweka nyutro, naachia breki ya mguu na kutulia. Getini kwangu ni mteremko. Gari lisipojongea mpaka nihesabu ishirini, siku imeanza. Hendibreki yangu hukamata kwenye mlio wa tano. Ikianza kwenda hadi wa nane, naipeleka kwa fundi ikakazwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kutwa nzima nitakuwa nawaambia watu "iamini hii", na siwezi kumwambia mtu aamini kitu ambacho sijakipima mwenyewe.

Saa 1:00 asubuhi. Mwanafunzi wa kwanza ni nesi aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita. Leseni anayo, ameendesha gari lake la klachi miaka minne, lakini tangu afike Mbeya linamzimikia kila anaposimama mlimani. Ameanza kuamini kwamba hajui kuendesha. Jana alimwambia mume wake atafute wa kulinunua.

Tumeenda na gari langu kwenye barabara ya Chunya, pale inapoanza kupanda kuelekea Kawetere. Nikamwambia asimame katikati ya mlima, aondoke. Likazima. Akawasha, likazima tena. Mara ya tatu lilirudi nyuma kama hatua mbili, akapiga kelele na kukanyaga kila kitu kwa pamoja.

"Mwalimu, kule Dar nilikuwa naachia klachi hivi hivi."

"Nakuamini, dada. Kule ni kule."

Hili nalieleza kila mara kwa watu wanaotoka pwani, kwa sababu wengi wanajilaumu bure. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo gari lile lile lililotoka Dar limefika hapa likiwa na pungufu ya karibu asilimia 17, halafu unalidai zaidi. Chukua mlima ambao kila mita 10 za kwenda mbele unapanda mita 1. Gari la kilo 1,100 likisimama hapo linavutwa nyuma kwa uzito wa kilo 110 hivi. Ni kama kuna kamba imefungwa kwenye bampa, na upande wa pili inaning'iniza kisimani mifuko miwili ya saruji na kitu juu yake. Kule tambarare ukiachia klachi bila kuongeza mafuta, gari litaondoka tu. Hapa injini inabebeshwa mifuko ile yote kwa mpigo ikiwa bado inapumua kivivu, na inakufa.

Nikamwambia avute hendibreki mpaka mwisho na aondoe miguu yote kwenye pedali. Tukakaa. Gari halikwenda popote. Nikamwachia akae hapo hata dakika mbili, maana kinachomzimisha mtu mlimani kwanza ni woga wa kurudi nyuma. Mtu akiogopa kurudi nyuma anawahi kuachia klachi, na akiwahi, gari linazima, na likizima anarudi kweli nyuma. Mduara huo unakatwa na hendibreki. Ikiwa juu, una muda wote unaoutaka.

Kisha nikatoa chupa ya maji iliyojaa nusu, nikaiweka juu ya dashibodi mbele yake. Klachi chini, gia ya kwanza. Mafuta kidogo, mshale wa mizunguko ya injini upande mpaka 1,500 na ubaki hapo. Mguu wa kulia usicheze. Sasa wa kushoto uanze kupanda, kisigino kikiwa sakafuni, polepole kama mtu anayenyanyua kifuniko cha chungu kinachochemka. "Usiangalie mguu, angalia maji." Maji yalikuwa yametulia. Halafu yakaanza kutetema, mizunguko midogo midogo kutoka pembeni kwenda katikati. Hapo hapo sauti ya injini ikazama, ikawa nzito kama ya mtu aliyeinama kunyanyua ndoo. Boneti ikapanda kidogo, na mshale ukashuka.

"Simama hapo. Usipandishe, usishushe."

Pale ndipo klachi inaposhika, na sisi tunaita kubalansi. Gari linataka kwenda mbele, hendibreki imelizuia. Nikamwambia aongeze mafuta kidogo tu kurudisha ile sauti, aangalie vioo, kisha ashushe hendibreki. Akashusha. Halikurudi nyuma hata upana wa kidole. Likaanza kupanda lenyewe, taratibu, na klachi akaiachia yote tulipokuwa tumeshatembea mita kadhaa. Aligeuka kuniangalia akiwa amefungua mdomo, ikabidi nimwambie aangalie barabara.

Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya saba lilizima, kwa sababu alishusha hendibreki kabla ya maji kutetema. Alilijua kosa lake kabla sijasema neno.

Saa 3:15. Chai kwa mama wa pale kona, viazi vya kuchemsha na chumvi. Ananisalimia "Ugonile", naitika, napasha mikono kwenye kikombe. Dakika kumi, naondoka.

Saa 3:30 hadi saa 6. Vijana wawili wa chuo, kila mmoja na saa yake. Wa kwanza ana mtihani wiki ijayo na anafanya vizuri. Wa pili anatamani kuja kuendesha malori ya Tunduma na Zambia, na kichwani ana maneno ya vijiweni: kwamba hendibreki mlimani ni ya wanagenzi, dereva kamili anashikilia gari kwa klachi.

Neno hili linaniuma kuliko yote ninayoyasikia katika kazi hii. Nimemwambia wazi. Madereva wa malori makubwa wanaopanda Mlima Nyoka na mzigo wa tani 30 hawaoni aibu kuvuta breki ya maegesho wanaposimama, na utingo akaruka na kigingi mkononi kukiweka nyuma ya tairi. Hao ndio anaotaka kufanana nao. Kama wao hawaoni aibu, yeye na kigari cha watu watano anaionea aibu nini? Alinyamaza. Baadaye, tuliposimama nyuma ya bajaji iliyokuwa inashusha abiria, nikaona mkono wake unaenda kwenye hendibreki bila kuambiwa.

Saa 6:20 mchana. Nimepita gereji kulipia filta, nikamkuta fundi ameshusha gia boksi ya gari la mteja. Nikampigia simu yule kijana wa malori aje, hayuko mbali. Fundi, ambaye ni mtu wa maneno machache, akampa klachi pleti mkononi. Ukiigusa mpya, utando wake una unene na mikwaruzo yake inasomeka. Hii ilikuwa nyembamba kama kaki na laini kama kioo, na vichwa vya ribiti vilikuwa vimeanza kuonekana. Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hulikamata, kulikuwa na madoa ya buluu, rangi ambayo chuma hupata kikiungua. Harufu yake unaijua hata hujawahi kuishika: ni ile inayokufikia puani kwenye foleni ya mlimani, kama karatasi iliyoungua na kitu kichungu ndani yake.

"Huyu alikuwa anashikilia kwa klachi," fundi akasema, akarudi chini ya gari.

Klachi ikishikilia gari mlimani, pleti inasuguana na flaiwili bila kukamata sawasawa. Sekunde mbili tatu za kuondokea si tatizo, imetengenezwa kwa hilo. Lakini dakika nzima kila siku kwenye foleni inamaliza pleti ambayo ingedumu miaka. Kijana aliishika ile pleti muda mrefu. Sikuongeza kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa Kyela na maharage, kwa haraka, nimekaa ndani ya gari.

Saa 8:10. Hapa siku iliniharibikia kidogo. Dada mmoja, wiki yake ya kwanza, tumesimama mlimani kwenye foleni. Nyuma yetu likaja gari dogo na kusimama karibu kiasi kwamba kwenye kioo cha nyuma sikuona taa zake za mbele, niliona uso wa dereva tu. Na kibao chetu cha L ni kikubwa, chekundu, kipo nyuma. Foleni ikasogea, akaanza kupiga honi kabla dada hajaweka hata gia. Honi ile ikamtoa kwenye mstari. Akashusha hendibreki kwanza, gari likaanza kurudi. Nilikanyaga breki ya upande wangu, likasimama. Kati yetu na yule mtu palibaki upana wa kiganja.

Dada alianza kulia. Nilivuta hendibreki, nikawasha hazadi, nikashuka. Sikumgombeza yule kaka. Nilimwomba asogee nyuma mpaka aone tairi zangu za nyuma zinapogusa lami, nikamwambia sababu, kwamba gari lolote la klachi linaweza kurudi mlimani, hata la dereva wa miaka ishirini. Alisogea, hakujibu. Nawaomba wote mnaosoma, hasa ninyi mnaoendesha otomatiki: mlimani mwachieni aliye mbele nafasi, na mkono wa honi uwe mzito. Anayejifunza anasikiliza injini yake ili ajue klachi inashika wapi, na honi yako inaifunika sauti ile.

Nilimpa dada maji ya ile chupa anywe. Kisha tukaondoka hapo hapo tulipokuwa. Sikutaka aende nyumbani na mlima ule ukiwa umemshinda. Jaribio la pili, tukapanda.

Saa 10 jioni. Huyu ndiye ninayemngojea kila wiki. Ni mwalimu mstaafu, ana shamba la viazi upande wa Umalila, na amenunua pikapu ya dizeli ya zamani ili asitegemee tena magari ya kukodi. Kila akija mimi ndiye ninayemwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," anaitika, "Marahaba, Mwalimu," na neno hilo analitamka kwa uzito.

Leo amekuja na magunia manne nyuma, kwa makusudi. "Kulijua gari tupu hakunisaidii," alisema. Ni kweli. Mzigo ukiwa nyuma, klachi inashika pale pale, ila ukishusha hendibreki bila mafuta ya kutosha gari linazama kwanza kabla ya kupanda. Dizeli ina uvumilivu zaidi ya petroli, ina nguvu hata ikinguruma chini, kwa hiyo nikamfundisha na njia ya breki ya mguu kwa vituo vifupi: mguu wa kulia kwenye breki, wa kushoto uinuke mpaka gari litetemeke, usubiri hapo, kisha wa kulia uhame haraka kwenda kwenye mafuta. Alijaribu mara tano. Mara nne ilikubali. Akasema anaielewa, lakini akiwa na mzigo atatumia hendibreki, na nikamwambia ndivyo ningefanya mimi.

Tulipofika juu, jua lilikuwa limeinamia Songwe na mji wote uko chini yetu, mabati yanang'aa. Nilidhani atageuza. Badala yake aliteremka kwa gia ya pili, injini ikilizuia gari kama nilivyomwonyesha, bila kuweka nyutro, akageuza bondeni, akapanda tena. Katikati, mahali pakali kuliko pote, akasimama mwenyewe. Hakuna foleni, hakuna aliyemwambia. Akavuta hendibreki. Nikaisikia injini ikipanda, halafu ikizama. Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningengoja, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kisha akashusha mkono. Magunia hayakutikisika.

Saa 1:20 usiku. Niko jikoni, simu inaita. Ni yeye.

"Mwalimu, nimefika salama. Nimelipaki mbele ya nyumba, linaangalia bondeni. Niliache na gia gani?"

"Ya nyuma, mzee wangu. Usukani ugeuzie ukingoni. Na jiwe mbele ya tairi."

"Jiwe nimeshaweka," akasema. "Haya, nakwenda kuweka gia."