Watu Wote Wanakutafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jambo lililonielemea wiki hii ni asubuhi zangu. Tangu mwezi huu uanze nimejiwekea utaratibu wa kuamka saa 11 alfajiri, kuomba, kusoma sura moja ya Maandiko, kunyoosha viungo kidogo, kisha kuandika mambo matatu yanayonipasa kufanya siku hiyo kabla sijatoka nyumbani. Niliuandika kwa mwandiko mzuri na kuubandika ukutani. Jumatatu niliamka saa 11 kamili, na hapo ndipo aibu yangu ilipoonekana, kwa maana kuamka niliamka, lakini kuomba sikuomba. Niliponyoosha mkono kuizima kengele ya simu, niliona ujumbe ulioingia usiku, nikaufungua kwa nia ya kuusoma mara moja tu na kuiweka simu chini, na nilipokuja kuinua kichwa ilikuwa saa 12 kasorobo. Ujumbe mmoja ulikuwa umenikasirisha, wa pili ulikuwa umenitia wasiwasi, wa tatu ulikuwa unadai jibu upesi. Nilipopiga magoti, midomo yangu ilisema "Baba yetu" huku moyo ukiendelea kujibizana na watu wale watatu. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano sikupiga magoti kabisa.

Alhamisi nilirudi kwenye Injili ya Marko, sura ya kwanza, mahali ambapo nimehubiri mara nyingi. Jioni iliyotangulia, jua lilipokwisha kuchwa, watu wa Kapernaumu walimletea Bwana wagonjwa wao wote na wenye pepo, hata mji wote ukakusanyika mlangoni. Hatuambiwi alilala saa ngapi. Ndipo linakuja neno tunalolijua sote: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Huo ni mstari wa 35, na lazima nikiri kwamba kila nilipouhubiri niliishia hapo hapo, nikawahimiza ndugu waamke mapema, tukaimba, tukaenda zetu. Safari hii sikupata amani ya kuishia hapo. Simoni na wenzake wanamfuata, wanamwona, nao wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta."

Nilicheka peke yangu niliposoma maneno hayo, kisha nikanyamaza, kwa sababu ndiyo maneno ambayo simu yangu huniambia kila alfajiri. Wa kazini ananitafuta, wa kanisani ananitafuta, ndugu wa mbali ananitafuta, na hata wasionijua wananitafuta ili nione walichokula na waliyegombana naye. Bwana Yesu naye aliambiwa hivyo hivyo, na waliomtafuta hawakuwa watu wa upuuzi, bali wagonjwa wenye shida za kweli, ambao huenda walikuwa wamesimama mlangoni tena kabla hakujapambazuka. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye alikuwa amekwisha kuzungumza na Baba alipoisikia habari hiyo, ilhali mimi huipokea kwanza, kisha namwendea Baba nikiwa nimekwisha kugawanywa vipande vipande. Ndiyo maana aliweza kutoa jibu ambalo mimi nisingethubutu kulitoa: "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea." Marko hatuambii hata neno moja la sala ile ya alfajiri. Anatuonyesha tu mtu anayetoka mahali pa faragha akijua alikojia, na anayeweza kuuacha mji mzima unaomwita bila hasira na bila hofu.

Wapendwa, tunatafuta asubuhi yenye matunda, na mara nyingi tunayahesabu matunda hayo kwa wingi wa kazi tulizomaliza kabla wengine hawajaamka. Mimi naanza kuamini kwamba tunda la kwanza la asubuhi iliyotakaswa ni kujua lipi si letu leo. Ni nani kati yetu hajawahi kuchoka kwa kazi ambazo hakuna aliyemtuma? Ni nani hajawahi kumfokea mtoto asubuhi kwa sababu ya maneno aliyoandikiwa usiku na mtu mwingine kabisa? Mpeni Bwana neno la kwanza. Msiwaruhusu Simoni na wenzake wawatangulie mahali penu pa maombi, hata kama habari waliyo nayo ni ya kweli, na hata kama mlangoni kweli kuna watu. Watu wale watahudumiwa vizuri zaidi na mtu aliyekwisha kuhudumiwa na Baba yake.

Mtunga Zaburi anasema, "Asubuhi nitakupangia dua yangu na kutazamia." Neno hilo la kupanga linaniwekea mbele ya macho kuhani wa Walawi sura ya 6, aliyepaswa kutia kuni katika moto wa madhabahu kila siku asubuhi ili moto usizimike. Lakini kabla ya kuni aliondoa majivu ya sadaka iliyoteketea usiku kucha. Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa kuwa utaratibu wangu wa ukutani haukuwa na nafasi ya majivu. Niliruka moja kwa moja kwenye kuni mpya, yaani mipango na mambo yangu matatu ya siku, juu ya lundo la jana ambalo halijaungamwa wala kuachiliwa.

Hapa naomba mniruhusu niseme kwa ukali kidogo, nami nikiwa wa kwanza kukemewa. Baadhi yetu tumeigeuza saa ya kuamka kuwa cheo. Tunaamka saa 10 usiku na ifikapo saa 12 kundi zima limekwisha kujua, kisha tunamwuliza mwenzetu kwa upole wenye mwiba, "Kwani wewe huamka saa ngapi?" Mama aliyekesha na mtoto mchanga anaulizwa swali hilo, mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku anaulizwa swali hilo, na yule anayemuuguza mzazi wake anaulizwa pia. Zaburi ya 127 inatuambia wazi kwamba kazi yetu ni bure, sisi tunaoamka mapema na kukawia kwenda kulala, kwa maana Yeye humpa mpenzi wake usingizi. Elia alipokuwa amechoka hata kuiombea roho yake kufa, malaika hakumlaumu kwa kulala, bali alimgusa na kumwambia ainuke ale, naye alipokula alilala tena. Na ninyi mnaoomba kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima, someni kwa upole Mithali 27:14, kuhusu yeye ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri. Kwa hiyo mama huyo akipata dakika kumi saa 4 asubuhi mtoto anapolala, na akampa Bwana dakika hizo kabla ya kufungua simu, ameshika lile ambalo mimi nililikosa saa 11 kamili.

Kuhusu jioni nitasema machache. Kitabu cha Mwanzo hakisemi ikawa asubuhi ikawa jioni, kinaanza na jioni. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi au zaidi, na mwanga wa simu tunayoitazama kitandani huuchelewesha usingizi huo, kwa hiyo anayekusudia kuamka saa 11 na bado anapitia picha za watu saa 6 usiku anajidanganya, kama nilivyojidanganya mimi.

Alhamisi usiku niliipeleka simu chumba kingine na kutegesha saa ndogo ya mezani iniamshe. Ijumaa niliamka, nikaanza na majivu, na yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, hata sikufika kwenye mambo matatu. Simu niliifungua saa 1 na kukuta maombi ya msaada ambayo kwa kawaida ningeyakubali kwa kinyongo. Nilimjibu ndugu yule kwa heshima kwamba sitaweza, na sikuhitaji kutunga udhuru.

Jumamosi nililala hadi saa 1 kasoro dakika 10. Nilikuwa nimeketi tu na Biblia wakati simu ilipoanza kuita katika chumba cha pili, ikanyamaza, ikaita tena. Nilisimama, nikafika mlangoni, nikarudi na kuketi. Baada ya maombi nilipompigia aliyekuwa akinitafuta, aliniomba radhi na kusema alikuwa amekosea namba.