Judo ya nyumbani bila mwenza: chaki, tyubu na godoro

Judo ni mchezo wa watu wawili, hilo halina mjadala. Hata hivyo, mengi yanayomwangusha mtu ni kazi ya mwili wako mwenyewe: miguu kufika mahali pake, mikono kuvuta kwa wakati wake, nyonga kushuka. Hayo yote unaweza kuyafanyia kazi sebuleni. Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, jijini Tokyo mwaka 1882, aliacha hata kata (mfululizo wa mienendo iliyopangwa) yenye sehemu ya mtu peke yake, tandoku renshu. Mimi hutumia kama nusu saa, siku ambazo hakuna dojo, yaani mazoezi ya ukumbini, na vifaa vyangu ni chaki, tyubu mbili kuukuu za baiskeli, godoro na taulo zito.

La kwanza ni kuchagua. Gokyo, orodha ya Kodokan ya mwaka 1920, ina mbinu 40 za kuangusha. Nyumbani mimi huchukua mbili tu kwa kipindi kirefu, moja ya kugeuka na kumpa mpinzani mgongo (ogoshi, yaani kuangusha kwa nyonga, tai-otoshi au uchi-mata) na moja ya kumwendea mtu uso kwa uso, kama osoto-gari, ya kufyeka mguu wake kwa nyuma. Ukichanganya sita kwa jioni moja, utaloa jasho na hutajifunza kitu.

Naanza na chaki. Chora nyayo mbili sakafuni zinazokutazama, zimeachana kama sentimita 40. Huyo ndiye mpinzani wako. Kwa ogoshi ya kulia, hatua ya kwanza mguu wako wa kulia unatua mbele ya unyayo wake wa kulia, ambao kwako uko kushoto, ukibakiza nafasi ya ngumi moja, na vidole vyako viwe vimeshaanza kugeukia kushoto. Hatua ya pili mguu wa kushoto unazunguka nyuma yako na kutua mbele ya unyayo wake wa kushoto. Sasa mnatazama upande mmoja, nyayo zako ziko ndani ya upana wa zake, magoti yamekunjwa, uzito uko sehemu ya mbele ya wayo. Simama hapo, kisha ndipo uangalie chini. Anayetazama miguu wakati anageuka huinamisha kichwa, na kichwa kikiinama mgongo unafuata.

Kosa la kila mtu ni kutua mbali. Ukimwacha mpinzani nusu mita nyuma yako, nyonga haimgusi, kwa hiyo unajikunja kiunoni na kumbeba kwa mgongo. Yeye naye hahitaji ufundi wowote, anakuvuta tu nyuma unakaa chini. Chaki haikudanganyi katika hili.

Halafu kuna goti. Sakafu ya saruji iliyokwaruzwa hushika mguu mtupu kama msasa: mwili unageuka, wayo unabaki, na tofauti hiyo inalipwa na goti. Juu ya saruji ya namna hiyo usisote, inua mguu na uutue ukiwa umeshageuka. Kwenye vigae vikavu au saruji laini geuka kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikiwa juu kidogo, na hakikisha goti linaelekea kule vidole vinakoelekea. Mkeka mdogo usiofungwa usiutumie, utateleza nao.

Sasa tyubu. Fundi baiskeli yeyote anazo zilizotoboka. Ni mpira uleule watu wanaofungia mizigo kwenye keria. Chukua mbili za saizi 28. Kila moja ikate pale kwenye valvu, pande zote mbili, uitupe valvu. Utabaki na mkanda wa karibu mita 2. Kagua viraka: mpira hukatikia pembeni ya kiraka, kwa hiyo kama kiko katikati, tafuta tyubu nyingine. Unganisha hizo mbili kwa fundo, ulikaze kwa kusimama upande mmoja na kuvuta, na uache mikia ya sentimita 10. Zungusha kwenye nguzo, fundo likae nyuma ya nguzo. Mwisho wa kila upande funga kipande cha jezi kuukuu ya judo, au kitambaa kizito cha jinzi kilichokunjwa. Kushika mpira mtupu kunakuzoesha mshiko ambao hautakutana nao mkekani.

Nguzo iwe ya kweli: nguzo ya baraza, au mti. Nondo za dirisha siziamini, wala kitasa cha mlango. Kimo ni kifua cha mtu wa urefu wako. Ukifunga chini, kiunoni, mikono inajifunza kuvuta kwenda chini, na mpinzani unayemvuta chini unamsimika badala ya kumwinua.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba mpira unafanya kinyume cha binadamu. Mtu ni mzito mwanzoni, kabla hajatoka kwenye mizani, na akishatoka anakuwa mwepesi. Mpira ni mwepesi mwanzoni na mzito mwishoni. Ukiufuata unavyotaka, utageuka kwanza na kuvuta baadaye, yaani utaruka kuzushi, hatua yenyewe ya kumtoa mtu kwenye mizani. Dawa yake ni kurudi nyuma mpaka mpira uwe umeshakaza kabla hujaanza. Kisha vuta, na mguu wa kwanza uondoke pamoja na mvuto. Mkono wa kushoto, ule unaoshika mkono wa jezi ya mpinzani, unapanda hadi usawa wa macho, kidole kidogo juu, kana kwamba unatazama saa ya mkononi. Kiwiko kikishuka ubavuni, mvuto umekufa.

Kwa seti ya kwanza naenda polepole: vuta, ingia, shuka, tulia. Baada ya hapo seti 6 za mara 10, mapumziko nusu dakika, na seti 2 zaidi za upande wa kushoto ili mgongo usipinde upande mmoja. Mara ya nane ikianza kuharibika, seti inaishia hapo. Mara mbili mbovu zilizobaki ni mazoezi ya kukosea. Morote-seoi-nage, ile ya kumwangusha mtu juu ya bega kwa mikono miwili, siifanyi kwa tyubu. Mpira unapokaza mwishoni, kifundo cha mkono kinapinda nyuma na upande wa ndani wa kiwiko ndio unaoumia, na maumivu hayo yakishaingia huwa hayatoki upesi.

Kuanguka, ukemi, nyumbani ni kwa godoro na kwa kuanzia kuchuchumaa tu. Bana soksi iliyokunjwa kati ya kidevu na kifua. Ikidondoka, kisogo kilikuwa kinaelekea sakafuni. Toa pumzi, piga godoro kwa viganja, mikono ikiwa karibu na mwili, kama nusu ya pembe mraba. Mikono iliyonyooka usawa wa mabega hupeleka kishindo chote begani.

Mwendo wa chini, ebi, hauhitaji uwanja. Chumba cha mita 3 kinatosha ukienda na kurudi. Lala chali, kunja mguu mmoja, sukuma kwa kisigino, geukia ubavu na utoe nyonga nje mpaka mikono iguse vidole vya miguu. Wengi husogeza mabega, nyonga inabaki palepale, halafu wanashangaa kwa nini hawatoki chini ya mtu. Vaa jezi, la sivyo mkeka wa plastiki utakuchuna viwiko.

Kwa mshiko, tupia taulo juu ya tawi imara, shika ncha zote mbili, ning'inia sekunde 20 hadi 30, mara 4. Nguvu itoke kwenye vidole vitatu vya mwisho. Kidole cha shahada kiwe legevu. Ukibana kwa gumba na shahada, kigasha kinakaza na kuchoka mapema, kama kinavyochoka kwenye pambano. Shingo naifanyia kazi kwa kiganja tu: sukuma kichwa dhidi ya mkono bila kusogea, sekunde 10, mbele, nyuma na pande zote mbili. Daraja la kichwa juu ya saruji sipendekezi kwa mtu yeyote.

Siku ya dojo taulo na tyubu vinakaa ndani. Vigasha vilivyochoka havishiki jezi, na mwenza wako ndiye anayekosa mazoezi. Chaki ya miguu, dakika 5 kabla ya kutoka nyumbani, haina madhara.