Gari la zamani haliharibikii njiani, linaharibikia uwanjani

Land Rover ya mwaka 1965 ikitoka Kondoa kuja Dodoma kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa haina tabu kubwa. Upepo unapita kwenye rejeta, dainamo inachaji, petroli inakimbia kwenye bomba kabla haijapata joto. Tabu inaanza ikishaegeshwa saa sita mchana, watu wameizunguka, kila mmoja anataka iwashwe asikie mlio. Washa, zima, washa tena, mwisho inasukumwa na vijana sita. Anayeleta gari kwenye maonyesho, iwe viwanja vya Nanenane Nzuguni au kwingine, aliandae kwa kusimama juani pia, si kwa safari peke yake.

Maji kwanza. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta: wenye psi 9 (kipimo cha mgandamizo unaozuiliwa ndani) unasogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 110. Ugeuze uangalie mpira wa ndani. Ukiwa umekauka au springi imelegea, tupa. Ila usichukue mfuniko wowote uliopo dukani. Wa gari la kisasa wenye psi 13 unaweza kupasua maungio ya risasi ya rejeta ya zamani, na hapo kazi imekuwa kubwa.

Maji yenyewe nayo. Sehemu kubwa ya mji inatumia maji ya visima vya Makutupora, na yeyote anayechemsha chai Dodoma anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo unajijenga kwenye mirija ya rejeta na ndani ya bloku. Fungua mipira yote miwili ya rejeta, ingiza maji kwa nguvu kutokea chini kwenda juu mpaka yatoke masafi, kisha jaza kulenti (maji maalumu ya rejeta) au maji yaliyochujwa chumvi. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha wanang'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Hiyo ni kukwepa kazi. Rejeta iliyoziba inabaki imeziba, halafu injini inatembea baridi barabarani, inakula mafuta na oili inachafuka mapema. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ushuke milimita 12 hivi. Ukishuka zaidi utateleza, na feni ndiyo tegemeo pekee gari likiwa limesimama.

Petroli ni adui mwenye aibu: anajificha. Gari linazimwa likiwa na moto, dakika kumi baadaye linagoma, likipoa linawaka kama halikuwa na kitu. Watu wanabadilisha koili, plagi, kondensa, bure. Joto la injini limepanda kwenye pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa bloku, petroli imegeuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Dawa ni kusogeza bomba la petroli mbali na ekzosi, sentimita tano au zaidi, kulivika kinga ya joto pale linapolazimika kupita karibu, na kuhakikisha kile kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Mara nyingi kimetolewa, pakawekwa gasketi ya karatasi. Ukifika uwanjani fungua bonneti papo hapo. Likishagoma, kitambaa chenye maji juu ya pampu kinatosha kuliamsha.

Gari lililotyuniwa Dar es Salaam likifika huku linakuta hewa nyepesi kwa kama asilimia kumi. Kabureta inaendelea kutoa petroli ileile. Chomoa plagi: ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi; rangi ya kahawia nyepesi ndiyo unayoitaka; nyeupe ni hatari, injini inaungua. Kwa Land Rover ya petroli yenye injini ya cc 2,286, tapeti (upenyo wa vali) ni inchi 0.010, pointi (upenyo wa kikatio cha umeme wa cheche) inchi 0.014 hadi 0.016. Volkswagen Beetle nyingi zinataka tapeti milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, na hapo fila gegi, vile vipande vyembamba vya kupimia upenyo, haina mjadala. Tapeti ikibana mno vali ya ekzosi haikai vizuri kwenye siti yake, haipoi, inaungua.

Umeme una mtego wake, hasa jioni watu wanapowasha taa kupiga picha. Dainamo haichaji kitu cha maana injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Taa kubwa zikiwaka nusu saa, betri imekwisha. Halafu anakuja rafiki mwema na nyaya za kubustia. Hapo simama kwanza! Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yamefungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Fuata kwa macho waya unaokwenda kwenye chesesi (fremu ya chini), soma alama kwenye betri, ndipo uunganishe. Beetle za zamani nyingi ni volti 6, nazo ukizipa 12 utaaga balbu zote.

Kwa anayekuja kuangalia tu, raha iko kwenye kutambua. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, na bodi zake ni za aluminiamu. Series II ilikuja mwaka 1958 na IIA mwaka 1961, taa za mbele zikiwa zimebanana katikati karibu na grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamia kwenye mabawa, yaani madigadi ya mbele. Series III ya mwaka 1971 ina grili ya plastiki na geji mbele ya dereva, na gia zake zote nne za mbele zina sinkro, kifaa cha kuingiza gia bila kukwaruza. Kwenye Series II na IIA, gia ya kwanza na ya pili ni za kubembeleza. Kwenye Peugeot 404 omba bonneti ifunguliwe: injini imelala kwa nyuzi 45. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, enzi mashindano hayo yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Ndiyo maana wazee hawaondoki hapo. (Siku mtu akileta trekta la Shervick lililoundwa kwa vipuri vya kifaru cha Sherman, kama yale ya mradi wa karanga wa Waingereza enzi za ukoloni kule Kongwa, sisi wengine tufungashe twende nyumbani.)

Usidanganywe na rangi mpya. Inama. Pitisha kitambaa kwenye ile tufe ya chuma nyuma ya gurudumu la mbele la Land Rover, kisha ipitishie ukucha. Ukikwama kwenye vishimo, kutu imekula, vumbi linaingia, oili inatoka, na sili mpya haitadumu. Gonga chesesi kwa mpini wa bisibisi, hasa boriti ya nyuma kabisa: mlio mkavu ni mzima, mlio wa kufa ni puti juu ya kutu. Bodi ya aluminiamu inapokutana na chuma tafuta unga mweupe. Gari lililokaa Singida au Dodoma huwa na chesesi nzuri kuliko la Tanga, ila jua limemaliza mipira yake. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo, hata liwe na kashata nzima, ni la kupigia picha.

Kitu kinachokusanya watu kuliko vyote ni kuwasha kwa hendeli. Gia iwe huru, handibreki imevutwa, swichi imezimwa kwanza, uzungushe mara mbili tatu kuvuta petroli. Kisha washa swichi na uvute kutoka chini kwenda juu, usisukume kwenda chini. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwaka mapema hendeli inarudi kwa nguvu, na gumba lililozunguka mpini linavunjika.

Kabla ya kuondoka, sogeza gari mita mbili uangalie chini. Doa jeusi ni oili ya injini, unaweza kujazia ukaenda. Zito lenye harufu kali ya kiberiti ni oili ya difu au giaboksi, litakufikisha. Doa jepesi, karibu halina rangi, karibu na gurudumu, ni mafuta ya breki. Hilo halijaziwi. Gari linalala hapo au linapanda loli.