Tanki lijae, koki ifungwe: nilivyoyalinda maji ya kijiji chetu Mafia

Mimi ndiye mwendesha pampu wa mradi wa maji kijijini kwetu, na kimbunga Hidaya kilipotangazwa kila mtu aligeuka fundi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniita pembeni: "Mwanangu, limwage hilo tanki. Upepo ukilikuta na uzito wote huo, mnara utaanguka." Nikamwambia, "Mzee wangu, mnara ulijengwa kubeba tanki lililojaa. Tanki la plastiki likiwa tupu ndilo linalopeperuka." Wengine walisema nisijisumbue, kwa kuwa Aprili 2019 tulitahadharishwa vivyo hivyo kuhusu kimbunga Kenneth, na kikaishia Msumbiji. Waulizeni watu wa Cabo Delgado huko Msumbiji kama kilikuwa cha mchezo.

Nikapiga pampu mpaka tanki likafurika, kisha nikafunga koki kubwa ya kutokea. Hapo ndipo maneno yalipokuja! Eti nawanyima watu maji wakati wa shida, wakati tangazo la kujaza madumu lilishatoka msikitini tangu asubuhi. Lakini bomba moja likikatika usiku na koki iko wazi, tanki zima linaishia mchangani. Paneli za sola tukazifungua, kontrola ya pampu nikaenda kulala nayo nyumbani, na mdomo wa kisima nikaufunga kwa nailoni nzito na vipande vya mpira wa tairi.

Mei 4, 2024 Hidaya kikatua Mafia. Kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini minazi haikujua hilo. Mnazi uking'oka, mizizi inanyanyuka na udongo wake, na bomba la poli, yaani la plastiki, lililopita katikati linakwenda nao. Mmoja ulilichomoa bomba letu ardhini, likabaki linaning'inia kwenye mizizi, limechanika urefu wa mkono. Hilo lilionekana. Shida ilikuwa yale yasiyoonekana: mvua imenyesha, madimbwi kila mahali, utajuaje lipi ni la mvua na lipi ni la bomba letu?

Hapa najisifu, na nina haki. Nilitia klorini kwenye tanki, nikafunga vilula vyote, nikafungulia laini moja tu, kidogo. Kisha nikaifuata na kile kikopo cha kupimia klorini, nikichota kila dimbwi na kutia kidonge kinachogeuza maji yenye klorini kuwa pinki. Maji ya mvua yakabaki vilevile. Nilipofika nyuma ya shule, kwenye kidimbwi ambacho hata mbuzi alikuwa anakiruka, maji yakageuka pinki! Tukachimba, na bomba lilikuwa limepasuka hapohapo. Laini zote nilizipitia hivyo. Kijana mmoja alikuwa ameshafunga ufa mwingine kwa mpira wa baiskeli. Presha ilipopanda ukatoka wote. Tumieni viungo vya poli, na muwe navyo stoo mapema, maana bahari ikichafuka boti za kutoka Nyamisati, bandari ya bara, haziji. Vyetu vilituokoa.

Mabomba yalipokamilika wakaanza tena: "Fungulia watu wanywe!" Sikufungulia. Bomba likikosa presha linavuta tope kupitia kila ufa. Beira, Msumbiji, baada ya kimbunga Idai Machi 2019, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na tarehe 27 mwezi uleule kipindupindu kikathibitishwa. Watu wa kijijini kwetu wakaendelea kuchota kwenye bomba la chini ya mnara, maji yaleyale niliyotukaniwa, huku nikitibu kisima: unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, gramu 150 hivi kwa kila lita 1,000 za maji yaliyomo, yakalala humo hadi kesho yake. Nikayapiga nje mpaka harufu ikaisha, nikasafisha laini moja baada ya nyingine, nikatia dozi ya kawaida. Kilula cha mwisho kiliposoma miligramu 0.5 kwa lita, ndipo nikafungua.

Laini ya minazini tumeihamishia kando ya barabara. Sasa naidai jumuiya yetu ya maji pesa ya boliti ndefu za paneli, na kila kikao nitaikumbusha.