Programu za kitochi: kila baiti ina hesabu yake

Pita Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, utaona vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, bado vimepangwa kwenye kabati za vioo na bado vinanunuliwa. Kwa hiyo anayetengeneza huduma ya simu hapa Dar na kudhani mambo ya miaka ya 2000 yameshapita, anajikosesha wateja.

Anza na SMS. Ujumbe mmoja una baiti 140, na baiti moja ni biti 8. Alfabeti ya kawaida ya GSM, yaani orodha ya herufi za mtandao wa simu, hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndiyo maana zinaingia herufi 160. Kiswahili kinaenea humo bila shida, mpaka ukutane na neno ng'ombe. Ukiandika tangazo kwenye Word kisha ukalinakili, ritifaa, yaani ile alama ya ng', hugeuka ile iliyopinda, na hiyo haimo kwenye alfabeti ya GSM. Hapo ujumbe mzima, wala si alama ile peke yake, unahamia UCS-2, orodha kubwa zaidi ya herufi inayotumia biti 16 kwa herufi. Nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu baiti 6 za kila kipande zinabeba maelezo ya kuviunganisha. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS 1 sasa ni SMS 3. Ukilituma kwa wafugaji 10,000, unalipia SMS 30,000! Mfumo wenyewe ubadilishe ritifaa zilizopinda, dashi ndefu na nukta tatu zilizoungana kabla ya kutuma. Usimwachie mtu kazi hiyo, macho hayaioni tofauti.

Kwenye programu za Java za simu hizo ubahili ulikuwa uleule. Simu nyingi za mwanzo za Nokia Series 40 zilikataa faili la JAR, yaani lile linalobeba programu nzima, lililozidi kilobaiti 64. Watengenezaji walipitisha msimbo wa programu kwenye ProGuard, zana ya kuupunguza, ili majina marefu ndani yake yawe herufi moja moja, wakaunganisha picha ndogo za PNG kuwa picha moja, maana kila faili ndani ya JAR lina maelezo yake ya utambulisho yanayokula nafasi. Kosa la kila siku lilikuwa kurekebisha JAR na kusahau JAD, faili dogo linaloieleza simu kuhusu JAR hiyo. Ukubwa ulioandikwa kwenye mstari wake wa MIDlet-Jar-Size usipolingana na faili lenyewe hata kwa baiti moja, usakinishaji unakwama na seva inapokea namba ya kosa 904.

Kwa upande wa data, GPRS, teknolojia ya intaneti ya simu za GSM, ilileta malipo kwa kilobaiti badala ya dakika, na Opera Mini, kivinjari kilichofunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006, ikawa inabana kurasa kwenye seva kabla hazijafika kwenye simu. Ilisaidia sana.

Ila kilichodumu ni USSD, yaani menyu zinazofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na hadi leo mtu anapiga *150*00# kwenye simu yoyote ya GSM. Hapakui kitu, hasakinishi kitu. Skrini moja inabeba herufi 182, na muda ni mfupi: mteja akisita kidogo, mtandao unamkata. Menyu yenye ngazi saba haifai kabisa. Linalotumika zaidi liwe namba 1, na hatua aliyofikia mteja ihifadhiwe kwenye seva kwa namba yake ya simu, ili akikatika na kupiga tena asianze upya kuandika kiasi. Muamala ukikamilika mtumie SMS, kwa kuwa skrini ya USSD ikifungwa haibaki popote kwenye simu.